Kizibo Kwenye Pindo la Khanga

Sikuzani binti Mfaume wa Isevya alisuka mikeka tangu utotoni hadi vidole vikampinda, lakini si mikeka iliyompa jina. Jina alipewa na ulimi. Alikuwa Mzaramo wa ukoo, mzaliwa wa Tabora, mtu asiyewahi kuiona pwani hata kwa picha, na kwa Wanyamwezi wote wa mji alikuwa mtani. Akifa Mnyamwezi, hata kabla kaburi halijaanza kuchimbwa, watu walikuwa wakiulizana, "Sikuzani ameambiwa?"

Akiambiwa, alikuja. Alikuja amejifunga khanga kiunoni, mkeka mpya begani, na alipofika njia atakayopitishwa maiti alijilaza chali katikati kama mlevi. "Hapiti mtu! Huyu mnayemchukua ni mpagazi wangu. Nani sasa atanibebea mizigo? Ninyi wenye mabega ya vifaranga?" Kisha alianza kumchambua marehemu: uchoyo wake, mikogo yake, alivyokuwa akikohoa milangoni kwa watu saa ya chakula. Alimwigiza hata mwendo. Wafiwa waliokauka kwa kilio walijikuta wanacheka huku kamasi zinawatoka, na hiyo ndiyo ilikuwa dawa yenyewe.

Aliinuka pale tu mtu wa ukoo alipomtupia kitu. Inaweza kuwa kuku, kipande cha khanga, hata unyasi uliookotwa. Mtani hachagui. Akitupiwa amepokea, na akishapokea njia imefunguka. Ila kulikuwa na ufundi wake: kitu kikiwa kidogo, shukrani huwa kubwa. Akitupiwa unyasi, Sikuzani aliuinua kwa mikono miwili, akapiga vigelegele, akauchomeka kwenye nywele, akacheza. "Jamani, nimetajirika! Ukoo huu una mali! Kesho naenda mnadani Choma kununua ng'ombe!" Watu walivunjika mbavu, na waliokuwa wakichekwa ni wenye ukoo, kwa ubahili wao. Mara nyingi aibu iliwalazimisha kuongeza kuku.

Baada ya hapo alinyamaza. Alitandika mkeka wake kaburini, akachota maji, akaosha masufuria ya msiba mpaka siku ya kuanua matanga. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya utani, nusu isiyochekesha, na wapumbavu huwa hawaioni.

Maana utani haukuanzia kwenye kicheko. Ulianzia kwenye maiti. Wanyamwezi waliobeba pembe kwenda pwani walifia njiani huko Uzaramoni, wageni wasio na ndugu, na Wazaramo wakawazika. Wazaramo waliofuata misafara kuja bara walifia huku, na Wanyamwezi wakawazika. Babu yake Sikuzani alikuwa mmoja wao. Aliingia Tabora na msafara, ndui ikamlaza, wenziwe wakamkimbia, akafa kwenye banda la chumvi huku bibi yake Sikuzani, mke kijana mwenye mimba, amekaa mlangoni peke yake. Aliyeingia ndani kumtoa yule maiti mwenye ndui ni Mnyamwezi mmoja mrina asali, ambaye hakuwa akimjua hata kwa jina. Alimzika, akarudi, akamwambia yule mjane, "Mumeo mzito kama gogo. Wazaramo mnakula nini?" Bibi alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie mji huu, na akabaki.

Mwana wa yule mrina asali ndiye baba yake Lugembe. Na Lugembe, mrina asali naye, alikaa nyuma ya nyumba ya Sikuzani, uzio mmoja, pamoja na mkewe Apolinaria, mwanamke mpole wa kanisani aliyejifanya hasikii kitu.

Asubuhi zao zilikuwa vita. "Mwangaluka, mpagazi!" angeita Sikuzani kwa salamu ya Kinyamwezi huku ametia maji ukindu wake ulainike. "Marahaba, mla muhogo," angejibu Lugembe, ingawa hakuna aliyempa shikamoo. Angeingia jikoni kwake, akachukua kipande cha nyama sufuriani, akatoka nacho. Sikuzani naye angechukua asali bila kuomba. Hakuna aliyekasirika. Yeye akinitukana, Sikuzani alikuwa akisema, anayo haki, babu yake alimzika babu yangu. Mwingine akinitukana ni tusi.

Haya yawekwe moyoni, kwa sababu yaliyofuata ni uchafu mtupu, na bila haya uchafu hauonekani.

Mwaka ule wa njaa, sabini na nne, watu wanapangwa foleni kwenye duka la ushirika kungoja unga wa njano ambao hata kuku waliususia, alikuja Dionis. Dionis alikuwa ofisa utamaduni, kijana wa suti ya chuenlai na kalamu mbili mfukoni, mtoto wa dada yake Lugembe. Alikuja amefuatana na Wakorea.

"Shikamoo, Bibi Sikuzani."

"Marahaba. Umeniletea wakwe?"

"Marafiki zetu hawa. Wanatengeneza sinema ya wezi, ya kuchekesha. Wezi watatu wa Kikorea wameiba dhahabu, wanaitorosha kwa njia ya zamani ya misafara. Wanaificha ndani ya jeneza, wanajidai wana msiba. Sasa njiani wanakutana na mtani, anawazuia. Nani tena kama si wewe?"

Sikuzani hakupenda. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, bibi. Sinema."

"Basi hakuna utani. Siwezi kumtania mzima aliyejilaza kwenye jeneza. Huo ni uchuro."

Dionis akacheka, akachuchumaa, akashika ule ukindu kama anayejua kusuka. "Sisi watani. Tangu lini mtani akamnyima mtani wake? Na dunia nzima itaujua utani wa Tabora, bibi. Utakuwa umetuwakilisha." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba watakaoshiriki watapata chakula cha mchana, wali na nyama ya kopo. Sikuzani alikuwa na wajukuu ndani waliokula uji mara moja kwa siku. Akakubali shingo upande.

Siku ya kupiga picha watu walikusanyika kwenye ile barabara ya vumbi itokayo Isevya. Wakorea walikuwa na mkalimani wao, kijana aliyesema Kiswahili cha kitabuni. Waliwatazama watu mmoja mmoja, kama mtu anayechagua nyanya.

Wa kwanza kukataliwa alikuwa Hamdun, muuza mafuta ya taa, aliyekuja na mwavuli wake. "Samahani," alisema mkalimani, "mkubwa anasema huyu si Mwafrika."

Hamdun aliwatazama watu, akidhani wanamtania. "Mimi nimezaliwa hapa. Baba yangu kazaliwa hapa. Mama yangu Mnyamwezi wa Nzega. Kama mimi si Mwafrika, yule mama alizaa nini, debe?"

Watu wakacheka. Dionis akaingilia kati haraka, akanong'ona na wageni, akarudi ameng'aa. "Bwana Hamdun, umepata nafasi! Utakuwa Mwarabu wa watumwa. Utavaa jambia, utashika kiboko."

Hamdun alikunja mwavuli polepole. "Dionis. Juzi mama yako kaishiwa mafuta usiku, umenigongea nikaamka. Leo wanipa kiboko nikuchape?" Akageuka akaenda zake, na hakuna aliyemwita. Sikuzani aliona watu wanavyotazama chini, akajiona naye anatazama chini. Mtu wa mtaani kwao alikuwa amefutwa mbele ya macho yake kama vumbi la meza, na yeye alikuwa anafikiria wali.

Wa pili alikuwa Mzee Nassibu. Yeye hawakumkataa. Walimtaka, ila walitaka avue kanzu na kofia, avae ngozi. Ngozi zenyewe zilikuwa za mbuzi, zimechunwa wiki ileile, hazijakauka, nzi wamezijaa. Mzee wa watu, aliyefundisha nusu ya mji kusoma Kurani, akaikunja kanzu yake vizuri akaibana kwapani. Wakamwambia aiweke chini. Akaiweka chini. Harufu ya zile ngozi ikaenea mpaka Sikuzani akaziba pua na ncha ya khanga, na si kwa sababu ya ngozi tu.

Lakini maajabu yalikuwa bado. Katika hadithi yao kulikuwa na mfalme wa Waafrika, mjinga mwenye tamaa, anayeibiwa kila anapogeuka. Huyo hawakumtafuta katika watu wale. Walimtoa garini Mkorea mwenzao, wamempaka masizi na mafuta kuanzia paji la uso hadi kifuani, midomo wameichora myekundu, na mfupa wa ng'ombe umefungwa utosini. Mji mzima mweusi umesimama juani unangoja, na wao wamekuja na mtu wa kupakwa!

Jua la Tabora halina rafiki. Masizi yakaanza kumtiririka machoni yule mtu, akawa anapapasa hewani. Sikuzani hakuweza kuvumilia, akaenda kumfuta kwa kitambaa chake. Yule mtu akainama, akamshukuru kwa mikono miwili, kwa adabu ya mtoto aliyelelewa. Sikuzani akamwonea huruma, na huruma ile ikamwongezea hasira, kwa kuwa hakujua tena amchukie nani.

Ilipofika zamu yake alijilaza njiani. Wezi watatu wakaja na jeneza la mbao laini, wanalia kilio cha bandia. Sikuzani aliamua kwamba kama ni utani, basi utani. Akawachambua. "Hapiti mtu! Maiti gani huyu, jeneza linalia kengele? Mnamzika mjomba au mnazika sanduku la shangazi? Na ninyi mnalia kama mliomeza pilipili!" Watu wa Isevya waliangua kicheko, Lugembe aliyekuja kutazama akapiga fimbo chini. Mwizi mmoja akamtupia kizibo cha soda. Sikuzani akakipokea kama desturi. Akakiinua juu, akapiga vigelegele, akakibandika kwenye paji la uso, akacheza. "Jamani, nimetajirika! Wakwe zangu wana mali! Wametoka kwao wamebeba dhahabu, mimi wamenipa bati! Mbarikiwe, msije mkafilisika!"

Alijua amewapata. Wezi wale na wakubwa wao walikuwa wameumbuliwa mbele ya mji, na mji ulijua. Alikula wali wake kwa raha kidogo, mwingine akawapelekea wajukuu.

Miaka miwili ikapita. Sinema ikarudi, Dionis akapita mitaani na kipaza sauti. Ilionyeshwa Jumamosi mchana kwenye ukumbi, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na mstari wa mbele wameketi wageni na viongozi. Sikuzani alivaa khanga mpya, ambazo hazijafuliwa hata mara moja. Alikaa katikati ya Lugembe na Apolinaria.

Mfalme wa masizi alipotokea, ukumbi ulinyamaza. Watu hawakujua wafanye nini. Kisha Dionis, pale mbele, akacheka kwa nguvu, akageuka kuwatazama nyuma, na watu wakaelewa kwamba kucheka ndiko kunakotakiwa. Wengine walijiambia, kama Sikuzani alivyowasikia baadaye, kwamba mtu hawezi kukutukana waziwazi hivi ila akiwa mtani wako. Basi hawa nao ni watani. Hilo ndilo kosa la watu wetu. Tumezoea kutukanwa na wanaotupenda, hata akija asiyetupenda tunampisha kiti.

Mzee Nassibu akapita na ngozi zake, anakimbizwa na kuku. Wakacheka.

Kisha akatokea Sikuzani. Alijiona amelala vumbini, mdomo unafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Maneno yake yote walikuwa wameyafuta. Mahali pake wametia sauti ya mtu anayebweka: "Uga! Uga-uga! Uga!" Wezi wakatazamana, mmoja akamkonyeza mwenzake, akatupa kizibo. Na yule mwanamke kwenye kitambaa cheupe akakiokota kama mtu aliyeona jiwe la thamani, akakibandika usoni, akacheza, "Uga-uga!", huku wezi wakipita na dhahabu yao nyuma ya mgongo wake. Wakairudia hiyo ya kucheza mara mbili, na mara ya pili waliiharakisha.

Ukumbi ulilipuka. Walicheka watu aliowazikia mama zao.

Sikuzani akatoka nje, akatapika ukutani. Utani wake waliubeba wakaugeuza ndani nje. Kicheko kilichokuwa chake, cha kuwaumbua, walikuwa wamemwibia, wakamrudishia yeye usoni. Wezi wa kweli hawakuwa wale wa jeneza. Alitema mate mpaka koo likakauka, na bado mdomo ulikuwa mchungu.

Tangu siku ile mitaa ilibadilika. Watoto walimwita Bibi Uga. Asubuhi alifagia vizibo mlangoni pamoja na majani. Mnunuzi wa mkeka angemwambia, "Nipunguzie bibi, nitakuongezea kizibo," akajiona mcheshi. Alipofiwa jirani wa mtaa wa pili, Sikuzani alienda, akajilaza njiani kama kawaida, na kabla hajafungua mdomo watu walikuwa wanacheka. Hawakumcheka marehemu. Walimcheka yeye. Mwana wa marehemu, mwenye machozi usoni, alimtazama kwa chuki kama mtu aliyemletea ngoma msibani. Sikuzani akainuka, akajipangusa, akaenda kuosha vyombo. Hakutania tena.

Lugembe aliona yote. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua, hapandi tena kwenye mizinga yake, na alishinda uani amefunikwa blanketi. Siku moja alimwita kupitia uzio.

"Mla muhogo."

"Nini?"

"Mbona siku hizi watu wanazikwa kimya?"

"Nenda kaulize sinema."

Lugembe alikohoa kwa muda mrefu. Aliposema tena hakukuwa na utani ndani yake. "Babu yako alifia banda la chumvi, hana hata wa kumcheka. Baba yangu alisema hicho ndicho kifo kibaya kuliko vyote, kuzikwa kimya kama mtu aliyefia njiani. Mimi sitaki. Nikifa uje unitukane. Matusi yangu yote, nimeyatafuta mwenyewe miaka mingi, ni mali yangu. Usiniletee aibu zako za sinema. Uniahidi."

"Mpagazi, watanicheka mimi, si wewe."

"Niahidi, Sikuzani." Hakuwahi kumwita kwa jina lake. Akamwahidi, kisha akaingia ndani akaanza kusuka ukili mweupe, usiotiwa rangi, wa mkeka wa kaburi.

Lugembe alikufa mvua za Januari zikiwa zimekaza. Kaburi lilichimbwa ng'ambo ya shamba lake, karibu na mti wenye mizinga. Mji ulikuja, hata Hamdun alikuja na mwavuli wake. Na kwa kuwa Lugembe hakuacha mwana wa kiume, aliyesimama kwa niaba ya ukoo ni mpwa wake, Dionis.

Sikuzani alijilaza njiani kwenye tope. Wachukuzi wakasimama na jeneza. "Hapiti mtu!" alianza. "Huyu mnayemchukua ni..."

Kicheko kikamkata. Mtu mmoja huko nyuma alikwisha kusema "Uga!" na mwingine akaitikia. Sikuzani aliendelea, akapandisha sauti, akataja asali, akataja kikohozi, lakini hawakusikia maneno. Walikuwa wanaitazama sinema yao. Apolinaria alisimama nyuma ya jeneza na rozari mkononi, anamkodolea macho, na macho yale hayakuwa yanacheka hata kidogo.

Hapo Dionis akaingiza mkono mfukoni. Alikuwa anatabasamu, na labda hakuwa na ubaya. Watu wa namna hiyo hudhani wanapendeza. Akatoa kizibo cha soda, akakitupa. Kikaanguka kwenye tope mbele ya uso wa Sikuzani, na msiba mzima ukalipuka kama ule ukumbi.

Mtani hachagui. Ukoo umeshatupa, na njia imeshafunguka kabla Lugembe hajatukanwa hata tusi moja. Sikuzani alikitazama kile kibati. Kinyaa kilimshika kama mtu aliyemeza nzi. Alimwonea kinyaa Dionis, na suti yake, na meno yake. Aliwaonea kinyaa wale watu aliowaoshea masufuria. Na zaidi aliuonea kinyaa ule mkono wake mwenyewe uliokuwa unanyooka, kwa sababu ulipaswa kunyooka. Akakiokota.

Watu wakangoja vigelegele. Wengine walikwisha kuanza kupiga makofi ya kumpa mdundo.

Sikuzani hakucheza. Aliinuka taratibu, tope limemjaa mgongoni. Akakifuta kile kizibo, akakiweka kwenye pindo la khanga yake, akalifunga fundo, akalikaza kwa meno.

"Nimepokea," alisema. "Njia imefunguka."

Kisha akamsogelea Dionis mpaka akaona jasho juu ya mdomo wake. "Ila mwanangu, hiki hukumpa mjomba wako. Umejipa mwenyewe. Mimi ni mtani wako pia, umesahau? Wewe ndiye uliyenikumbusha. Basi siku yako sitachelewa. Nitakuja na mkeka, nitalala njiani, wote watangoja niseme. Nami nitakutolea hiki hapa, nitakiweka juu ya kifua chako, na nitanyamaza. Sitasema neno. Utazikwa kimya, kama mtu aliyefia njiani."

Tabasamu la Dionis lilibaki pale usoni bila mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Mnyamwezi anaweza kuvumilia tusi lolote duniani, lakini si hilo. Mzee Nassibu alisema "Astaghfirullah" kwa sauti ndogo.

Jeneza likapita. Sikuzani akalifuata, akalipita, akafika kaburini wa kwanza, na watu walipokaribia walimkuta ameshashuka ndani na mkeka wake mweupe. "Njia nimewapa," sauti ilitoka chini ya ardhi, "kaburi sijatoa." Hawakuona mwili wa kuigiza wala paji la kubandikwa kizibo. Walisikia maneno tu, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi.

"Lugembe! Mchoyo wewe! Ulikula asali, ukatuletea nta, ukasema nyuki wa mwaka huu wavivu! Uliiba nyama sufuriani kwangu miaka yote, na leo umekonda hivi, ziliingia wapi? Ulikohoa usiku kucha ili nikose usingizi, sasa nitalala, lakini nitalalaje na kimya hiki? Mpagazi gani unatua mzigo katikati ya safari? Nani atanijibu marahaba nisipomwamkia?"

Mtu akacheka. Kilikuwa kicheko cha zamani, kilichochanganyika na kilio, na kilitoka kwa Apolinaria. Akacheka mpaka rozari ikamtoka mkononi, na msiba ukamfuata, wanamcheka Lugembe, wanamlilia Lugembe. Kisha mjane akainama, akatupa kaburini kibuyu cha mwisho cha asali ya mumewe. Sikuzani akakipokea kwa mikono miwili. Alitandika mkeka, akapandishwa juu.

Alibaki akiosha vyombo mpaka matanga yakaanuliwa.

Dionis alihamishiwa Nzega mwaka ule ule. Haikuchukua muda akaleta mbuzi kwa mkono wa mtu, mbuzi jike mwenye afya, na salamu kwamba anaomba kile kitu chake kirudishwe. Mtani hachagui. Sikuzani alipokea mbuzi, akamchinjisha, nyama akagawana na Apolinaria na nyumba ya Hamdun, akamrudishia mjumbe shukrani. Mwaka uliofuata alikuja Dionis mwenyewe, bila kalamu mfukoni, akapiga magoti pale penye ukindu.

"Bibi, nifanye nini?"

"Nirudishie maneno yangu waliyoyafuta."

"Sinema iko kwao Korea, bibi. Nitaitoa wapi?"

"Basi, baba, nenda ukapumzike," alisema Sikuzani, na akaendelea kusuka.

Mpaka leo wanunuzi wakiingia kwake huuona mkeka mmoja umesimamishwa nyuma ya mlango, mweupe, mrefu wa kimo cha mtu, umeshonwa vizuri kuliko yote, na kwenye pembe yake kuna kibati kimeshonewa kwa uzi. Wakiuliza bei, huambiwa hauuzwi.

"Huo una mwenyewe," husema Sikuzani. "Yuko Nzega, mzima wa afya."